Deki mpya, risiva ya zamani: njia tano za kuziunganisha, na ipi inamfaa nani

Vuta kabati mbele kidogo, washa tochi ya simu, usome mgongo wa risiva yako kabla hujaenda dukani. Nasema risiva ya sauti, ile amplifaya nzito ya spika tano na sabufa, siyo king'amuzi. Andika kwenye karatasi matundu yote unayoyaona na maneno yaliyochapwa juu yake. Karatasi hiyo ndiyo itakayokuambia ununue deki gani ya Blu-ray, zile diski za filamu zilizofuata DVD, na waya gani. Wengi hufanya kinyume: deki inanunuliwa kwanza, ikifika nyumbani haina pa kuchomekwa.

Ya kwangu ililetwa na shangazi kutoka Muscat mwaka 2003. Ina transfoma nzito kama tofali, na hadi leo inasukuma spika zake bila kuhema. Haina HDMI hata moja. Nimeshauriwa mara nyingi niiuze kwa mafundi wa spea, na kila mara nimekataa, kwa sababu kilichozeeka kwenye mashine hizi ni matundu ya kuingizia. Uwezo wa kusukuma spika uko palepale.

Shida inaanzia kwenye deki. Deki ya Blu-ray ya leo, iwe ya kawaida au ya 4K, inapeleka picha kwa HDMI tu. Masharti ya hakimiliki ya Blu-ray yalifunga kabisa picha ya analogi kwa deki zilizotengenezwa baada ya mwisho wa 2013, ndiyo maana lile tundu la njano hulioni tena. Kwa hiyo picha itapita HDMI kwenda kwenye TV, hilo halina mjadala. Inayotafutiwa njia ni sauti.

Tutapima kwa mambo gani

Nimepima kila njia kwa mambo manne: sauti inayofika kwenye spika, picha inayobaki kwenye kioo, gharama pamoja na upatikanaji, na matumizi ya kila siku. Hili la mwisho watu hulidharau. Mfumo ambao ni mtu mmoja tu nyumbani anayejua kuuwasha utakuletea simu za kila jioni ukiwa kazini.

Kuhusu sauti, tuelewane kwanza. Dolby Digital na DTS, miundo ya kubana sauti ya enzi za DVD, ni kama kitenge kilichokatwa pindo ili kiingie kwenye begi: kinavalika vizuri, ila kipande kilichokatwa hakirudi. Dolby TrueHD na DTS-HD Master Audio, zilizokuja na Blu-ray, ni kitenge kilichokunjwa tu. Ukikikunjua kinarudi chote. Habari njema ni kwamba kila diski ya Blu-ray yenye TrueHD imebeba pia Dolby Digital ya kawaida pembeni, na ndani ya DTS-HD Master Audio mna kiini cha DTS ileile ya zamani. Waliopanga mfumo huu waliwakumbuka wenye risiva kama yangu. Hata Atmos na DTS:X, miundo mipya yenye sauti za juu darini, kwenye diski zimejengwa juu ya hizohizo, kwa hiyo risiva isiyozijua inapata tabaka la chini, na filamu inasikika.

Njia ya kwanza: optikali au koaksi

Tundu la optikali ni dogo, la mraba, lina kifuniko, na ukitazama upande wa deki ikiwa imewaka utaona mwanga mwekundu. Koaksi ni tundu moja la RCA, la duara kama yale mekundu na meupe, mara nyingi la rangi ya machungwa. Kwa sinema, yote mawili yanabeba mzigo uleule.

*Sauti.* Hapa hupita PCM (sauti ambayo deki imeshaifungua) ya spika mbili, au Dolby Digital na DTS za 5.1, yaani spika tano na sabufa. TrueHD haipiti, deki inatoa ile Dolby Digital ya pembeni. Je, unapoteza sana? Tazama namba. Dolby Digital kwenye DVD iliishia kilobiti 448 kwa sekunde. Kwenye Blu-ray inaweza kufika 640. DTS kwenye DVD nyingi ilikuwa karibu nusu ya kiwango chake, na kiini cha DTS kwenye Blu-ray hufika 1,509. Maana yake risiva yako, kwa waya uleule iliokuwa nao tangu zamani, itapata chakula bora kuliko DVD ilivyowahi kuilisha. Nilipojaribu mara ya kwanza kulikuwa na onyesho la mvua juu ya bati. Kwenye DVD nilizoea kusikia mvumo mmoja. Safari hii matone yalikuwa yakidondoka nyuma yangu moja moja, nikainuka kuangalia dirisha.

Mitego ipo mitatu. Deki ikiachwa kwenye PCM utapata spika mbili tu. Ingia kwenye mipangilio ya sauti ya dijitali, chagua Bitstream, ili sauti ipelekwe bila kufunguliwa na risiva ndiyo iifungue. Pili, zima ule mpangilio wa kuchanganya sauti za ziada, ambao huandikwa BD Audio Mix au Secondary Audio, ili upate sauti ya filamu kama ilivyorekodiwa. Tatu, kama risiva yako haina nembo ya DTS usoni, diski ya DTS itakupa kimya au mchakacho wa kelele. Hapo nenda kwenye menyu ya diski utafute sauti ya Dolby.

*Picha.* Inabaki kamili, kwani HDMI inakwenda moja kwa moja kwenye TV.

*Gharama.* Ndogo kuliko zote, mradi deki ina tundu. Hapo ndipo pa kuwa macho. Sony UBP-X700 ina koaksi bila optikali. PlayStation 4 ya kwanza na ile ya Pro zina optikali, Slim haina, na PlayStation 5 haina kabisa.

*Matumizi.* Rahisi. Unachagua DVD kwenye risiva, basi. Usiukunje waya wa optikali kwenye kona ya kabati. Ndani yake unapita mwanga, na ukivunjika kwa ndani hutauona kwa nje.

Inamfaa mwenye risiva ya miaka ya 1998 hadi 2006 anayetaka sinema nzuri kwa hela kidogo.

Njia ya pili: nyaya sita za analogi

Tafuta kundi la RCA sita au nane lenye maandishi MULTI CH IN, EXT. IN, 6CH INPUT au 5.1CH INPUT. Matundu haya yalienea zilipokuja diski za muziki za SACD na DVD-Audio, mwaka 1999 na 2000, wakati ambapo nyaya za dijitali za nyumbani hazikuweza kubeba sauti zake. Hata baadhi ya sabufa za 5.1 zinazouzwa Kariakoo zinayo.

*Sauti.* Hapa deki ndiyo inayokunjua kitenge. Inafungua TrueHD na DTS-HD Master Audio yenyewe, kisha inapeleka kila spika na waya wake. Kwa risiva isiyo na HDMI, hii ndiyo njia ya kuipatia sauti yote ya diski, na SACD ya spika nyingi inapita pia, mradi deki yenyewe inaicheza.

Lakini kuna kazi inayohama. Kwa njia ya optikali, risiva ndiyo inayojua kwamba spika zako za nyuma ni ndogo, kwamba besi ziende kwenye sabufa, na kwamba senta, spika ya katikati, iko mita mbili kutoka kwenye kochi. Kwa analogi, risiva nyingi hupitisha sauti kama ilivyokuja, ikiongezwa au kupunguzwa kwa kitufe cha sauti tu. Kwa hiyo ukubwa wa spika na umbali wake unaviweka kwenye menyu ya deki. Kisha kuna besi: sauti maalumu ya sabufa hurekodiwa desibeli 10 chini ya nyingine, na lazima mtu aipandishe njiani. Risiva nyingine hufanya hivyo kwenye matundu haya, nyingine hazifanyi. Ukiona mlipuko unasikika kama mlango wa kabati, tatizo ni hilo. Pandisha sabufa kwenye deki au kwenye kisabufa chenyewe.

Na weka alama kwenye kila waya. Mimi niliunganisha usiku bila kuweka alama, nikapishanisha waya wa senta na wa sabufa. Filamu ilipoanza, mazungumzo yote yalikuwa yakinguruma sakafuni kama mtu anayesemea ndani ya pipa, na ngurumo za radi hazikusikika popote. Nilihangaika na menyu karibu saa nzima kabla ya kugeuza kabati. Tangu siku hiyo nabandika plasta nyeupe kwenye ncha zote mbili na kuandika kwa kalamu. Halafu naendesha mlio wa majaribio wa deki, nikisimama mbele ya kila spika kwa zamu.

*Picha.* Kamili, kama njia ya kwanza.

*Gharama.* Nyaya si ghali. Deki ndiyo ghali, maana za bei ya chini hazina matundu haya. Panasonic DP-UB820 na DP-UB9000 zinayo. Oppo UDP-203 inayo pia, ila Oppo waliacha kutengeneza deki mwaka 2018, na zilizotumika bado zinagombewa.

*Matumizi.* Ukishapanga mara moja, ni kitufe kimoja cha MULTI CH.

Inamfaa msikilizaji wa kweli, hasa wa muziki, mwenye subira ya kupanga spika na risiva ambayo hataki kuachana nayo.

Njia ya tatu: deki yenye HDMI mbili

Hii ni kwa risiva za takriban 2006 hadi 2013, zenye HDMI lakini zisizoijua 4K. Ukiipitisha deki ya 4K ndani yake, deki inakuta kufuli jipya la hakimiliki, HDCP 2.2, halitambuliki, inateremsha picha hadi 1080p, na HDR, yaani rangi na mwanga vyenye upeo mpana, inapotea. Dawa yake ni deki yenye HDMI mbili: ya kwanza inakwenda kwenye TV na picha yote, ya pili inakwenda kwenye risiva na sauti tu.

*Sauti.* Ni kamili, kwa waya mmoja, na risiva yenyewe ndiyo inayopanga spika na besi. HDMI 1.3 ya mwaka 2006 ndiyo iliyoruhusu TrueHD na DTS-HD Master Audio zipite zikiwa zimekunjwa. Risiva ya kabla ya hapo huweza kupokea PCM ya spika nyingi, kwa hiyo hapa, kinyume na njia ya kwanza, unaweka deki kwenye PCM ili ikunjue yenyewe. Angalizo moja: baadhi ya risiva za mwanzo zina HDMI ya kupitishia picha tu, sauti haziichukui. Kama kitabu chake kinasema uunganishe na optikali pia, yako ni ya aina hiyo.

*Picha.* Kamili. *Gharama.* Ya kati. UBP-X700 na DP-UB820 zote zina HDMI mbili. *Matumizi.* Sina lawama hapa. Mara chache midomo na sauti hupishana kidogo, kwa sababu TV inachelewa kuchakata picha. Rekebisha kwenye mpangilio wa kuchelewesha sauti wa risiva.

Inamfaa mwenye risiva yenye HDMI na TV ya 4K. Kama ni wewe, huna haja ya kuhangaika na njia nyingine.

Njia ya nne: kitenganisha sauti

Ni kisanduku kidogo chenye HDMI ya kuingia, HDMI ya kutoka kwenda kwenye TV, na pembeni tundu la optikali au RCA. Kinanyofoa sauti njiani. Wenye PlayStation 5 ya kuingiza diski, ambayo inacheza diski za 4K lakini ina HDMI moja tu, mara nyingi huishia hapa.

*Sauti.* Inategemea tundu linalotoka. Cha optikali kina mipaka ileile ya njia ya kwanza. Vipo vyenye matundu ya analogi ya 5.1, lakini vingi vinadai deki iwekwe kwenye PCM, kwa hiyo soma maelezo kabla ya kulipa. Halafu tafuta kiswichi kidogo kilichoandikwa 2CH na 5.1CH. TV huiambia deki "mimi nina spika mbili", na deki inatii. Kiswichi kikiwa kwenye 5.1CH, kisanduku kinajibu badala ya TV. Wengi wanaolalamika kwamba kisanduku ni kibovu hawajagusa kiswichi hicho.

*Picha.* Hapa ndipo penye hatari. Kama hakijaandikwa HDMI 2.0 au zaidi pamoja na HDCP 2.2, picha ya 4K yenye HDR haitapita.

*Gharama.* Ya chini hadi ya kati. *Matumizi.* Ni kifaa kimoja zaidi, chaja moja zaidi na waya mmoja zaidi. Umeme ukikatika na kurudi, mara nyingine deki, kisanduku na TV vinashindwa kutambuana, na unalazimika kuvizima vyote na kuviwasha tena kwa mpangilio.

Inamfaa mwenye deki au mashine ya gemu isiyo na tundu lingine lolote.

Njia ya tano: kupitia TV

Deki inaingia kwenye TV kwa HDMI, TV inatoa sauti kwenda kwenye risiva kwa optikali, au kwa ARC, yaani HDMI inayorudisha sauti kutoka kwenye TV, kama risiva inayo. ARC ilikuja na HDMI 1.4 mwaka 2009, kwa hiyo risiva za kabla ya hapo zisahau.

*Sauti.* Ndiyo dhaifu kuliko zote kwa diski. TV nyingi zikipokea Dolby kwa HDMI huitoa optikali ikiwa PCM ya spika mbili. DTS ndiyo yenye mashaka zaidi. Samsung waliiondoa kwenye TV zao kuanzia 2018. Tafuta kwenye menyu ya sauti ya TV maneno Passthrough au Auto kabla ya kukata tamaa.

*Picha.* Kamili. *Gharama.* Waya mmoja.

*Matumizi.* Hapa ndipo inapozishinda zote. King'amuzi, deki, gemu na YouTube vyote vinatoka kwenye spika zilezile, na risiva inabaki sehemu moja daima. Bibi anawasha TV na risiva, basi.

Inamfaa familia ambayo diski ni ya Jumamosi tu, na siku nyingine ni taarifa ya habari na mpira.

Kama bado hujanunua risiva yenyewe

Risiva za mitumba ni nzuri, lakini soma kibao cha umeme mgongoni. Zilizotoka Marekani ni za volti 120 na za Japani ni za volti 100. Ukizichomeka kwenye umeme wetu wa volti 230 au 240 bila transfoma ya kushushia, unaziua hapohapo. Za Uingereza na Omani hazina shida hiyo. Kwa upande wa diski, Afrika iko kanda B ya Blu-ray, pamoja na Ulaya na nchi za Ghuba, na za Marekani ni kanda A. Diski za 4K hazina kanda, kwa hiyo aliyeko Chicago anaweza kukutumia na ikacheza.

Kwa hali yako

Risiva ina optikali au koaksi tu, na bajeti ni ndogo: njia ya kwanza, na ununue deki kwa kuangalia tundu lake kabla ya jina lake.

Risiva ina RCA sita, unapenda SACD, au umewekeza kwenye spika nzuri: njia ya pili. Ila kama spika ni zile ndogo zilizokuja na seti, sidhani kama utasikia tofauti ya kulipia deki ghali. Anza na optikali, usikilize mwezi mmoja.

Risiva ina HDMI inayopokea sauti, TV ni 4K: njia ya tatu. Kama TV bado ni ya 1080p, deki ya HDMI moja inatosha. Ipitishe ndani ya risiva kama kawaida.

Una PlayStation 5 au deki ya HDMI moja, na risiva haina HDMI: njia ya nne. Ukitaka utulivu wa nyumba kuliko sauti ya spika tano, jaribu ya tano kwanza, kwa kuwa waya huohuo wa optikali utautumia baadaye kwenye kisanduku.

Na kama mgongoni kuna AUX mbili tu, nyekundu na nyeupe, tafuta kitenganisha sauti chenye RCA mbili, weka deki kwenye PCM. Kisha, kwenye mpangilio wa kupunguza sauti kuwa spika mbili, chagua Surround badala ya Stereo. Angalia usoni mwa risiva kama pameandikwa Pro Logic II. Ipo kwenye nyingi za baada ya 2000. Iwashe, na ile sauti ya nyaya mbili itatawanywa tena kwenye spika zako tano, mazungumzo yakikaa katikati, mvua ikirudi nyuma yako.